Kupambanua Kaa wa Vilindini

Watu wa mwambao wetu, tangu Barawa hata Kilwa na mbele yake, hawajapata kuwa na taabu ya kupambanua kaa. Mtoto aliyekulia karibu na mikoko humjua kaa wa matopeni kwa magando yake mazito na kwa shimo lake, humjua yule mdogo mwenye gando moja kubwa alipungalo maji yakupwapo, humjua mweupe wa mchangani akimbiaye upande upande usiku, na humjua duvi, ambaye nyumba yake ni ya kuazima. Maarifa hayo ni ya jicho na ya mkono, na aghalabu hukamilika kabla mtoto hajatiwa chuoni. Lakini yana mpaka wake, nao ni ule ukingo ambapo mwamba hukatika na maji yakageuka kuwa ya rangi ya nili. Katika mkondo ulio baina ya Pemba na bara kina hukaribia mita 800, na dema la mvuvi, litegwalo penye maji ya pima chache karibu na mwamba, halikukusudiwa kufika huko. Katika vilindi vya namna hiyo, duniani kote, wako kaa wengine, na historia ya jinsi walivyotambuliwa, wakachanganywa, kisha wakapambanuliwa upya, ni historia ya merikebu, na chupa za spiriti, na wanazuoni waliotoa hukumu juu ya wanyama ambao wengi wao hawakupata kuwaona hai.

Mwanzoni hata kuwapo kwao kulitiliwa shaka. Edward Forbes, Mwingereza aliyekokota wavu katika Bahari ya Aegean mwaka 1841 juu ya manowari iitwayo Beacon, aliona kwamba viumbe hupungua kadiri wavu ushukavyo, akakisia kuwa chini ya pima 300 hivi uhai hukoma. Kisio hilo, lililokuwa na adabu ya hesabu lakini halikuwa na bahari ya kutosha nyuma yake, lilikuwa limekwisha dhoofika sana siku ile ya Desemba 1872 ilipoondoka Portsmouth merikebu Challenger, nayo iliporejea Mei 1876, baada ya kuzunguka bahari zote kuu, hapakuwa tena na mtu wa kulitetea. Shehena yake ya kaa iligawanywa mafungu mawili: kaa halisi alikabidhiwa Edward Miers wa Makumbusho ya Uingereza, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1886, na wale wafananao na kaa wala si kaa walipewa J. R. Henderson, aliyemaliza mwaka 1888. Vitabu vyote viwili ni vikavu mno kwa msomaji wa kawaida. Lakini mgawanyo wenyewe ndio mlango wa elimu hii, na inafaa tusimame hapo kidogo.

Aliyezoea kaa wa pwani, akiwekewa mezani mnyama mkubwa wa kilindini mwenye gamba la miiba na miguu mirefu ya kutisha, hataona haja ya kuuliza kama huyo ni kaa, maana sura yote ni ya kaa. Lakini na ahesabu miguu. Nyuma ya magando mawili, kaa halisi huwa na jozi nne za miguu, na kwa kawaida zote huonekana. Yule aitwaye kaa mfalme, wa ukoo wa Lithodidae, huonyesha jozi tatu tu, na jozi ya nne, iliyodhoofika ikawa nyembamba, imekunjwa ikafichwa chini ya gamba, ndani ya chumba cha matamvua, na huko kazi yake ni kuyasafisha. Kisha na ampindue atazame tumbo, lile pande lililokunjwa chini ya kifua. Jike la kaa halisi lina tumbo la sahani zilizo sawa kulia na kushoto. Jike la kaa mfalme lina sahani zilizokua upande mmoja kuliko wa pili, hata tumbo zima limekwenda upogo. Upogo huo ndio ushahidi wa nasaba yake, kwa kuwa ni tumbo la duvi, lililopinda ili lienee katika kombe la konokono, na likabaki limepinda hata baada ya kombe lenyewe kuachwa zamani sana. J. E. V. Boas wa Denmark alilisema hilo mwaka 1880, na Bouvier wa Paris akalishika na kulieneza katika miaka iliyofuata. Wengine walilikataa, mpaka mwaka 1992, Cunningham na wenzake wawili walipolinganisha chembe za urithi za pande zote mbili, ikadhihirika kuwa Boas alikuwa na haki. Basi yule auzwaye kwa bei kali katika masoko ya Japani na Marekani ni jamaa wa duvi wetu wa ufukweni, wala jambo hilo halimpunguzii utamu.

Kumtenga kaa na asiye kaa, pamoja na hayo, ndiyo sehemu nyepesi. Shida huanza pale ambapo wote waliopo mezani ni kaa halisi, wa ukoo mmoja, na mwanachuoni anatakiwa aseme kama ni jinsi moja au mbili. Mfano mashuhuri wa karne ya 19 ni wa kaa mmoja mdogo aliyetolewa vilindini kaskazini ya Atlantiki na merikebu Porcupine mwaka 1869. Padri Norman, aliyekuwa hodari wa kaa katika Uingereza ya siku zile, alieleza, na Wyville Thomson akayachapisha maelezo yake mwaka 1873, kwamba kaa hao waliotoka kusini, katika pima 110 hata 370, walikuwa na vikonyo vya macho vinavyocheza ingawa macho yenyewe yamekufa, na wale waliotoka kaskazini, katika pima 542 hata 705, vikonyo vyao vimegandamana na uso na kuchongoka mbele kama miiba. Norman aliwahesabu wote kuwa ni jinsi moja, ambayo kwa kushuka gizani imepoteza jicho na kuligeuza kuwa silaha. Habari hiyo ilipendwa mno, maana wakati huo kila mtu alikuwa akitafuta mfano wa viumbe kubadilika kwa mazingira yao, na huu ulionekana umekamilika. Mwaka 1903 Ray Lankester aliwatazama tena kwa makini, akawatenga, mmojawapo akimpa jina la Norman mwenyewe, Cymonomus normani. Hapakuwa na kaa mmoja aliyegeuka njiani alipokuwa akishuka. Palikuwa na kaa wawili, kila mmoja na kilindi chake. Nami huona kwamba katika kazi hii kisa kizuri ni hatari kuliko jicho bovu, kwa kuwa mwenye jicho bovu hukodoa, na mwenye kisa kizuri huacha kutazama.

Kwa bahari yetu ya Hindi, kazi kubwa ya kwanza ilifanywa na merikebu Investigator ya serikali ya India, iliyokuwa ya mbao, yenda kwa moshi na magurudumu ya ubavuni, iliyoundwa Bombay na kushushwa majini mwaka 1881. Kazi yake hasa ilikuwa kupima bahari kwa ajili ya ramani za mabaharia, na elimu ya viumbe ilikuwa abiria tu ndani yake, akiwakilishwa na tabibu wa merikebu, ambaye alitarajiwa kuponya wagonjwa asubuhi na kuchambua kaa jioni. Tabibu aliyeipatia merikebu hiyo umaarufu ni Alfred Alcock, aliyesafiri nayo tangu 1888 mpaka 1892 na kisha akawa msimamizi wa Makumbusho ya India mjini Calcutta. Utaratibu wa kazi uliamriwa na pepo: katika miezi ya utulivu merikebu ilikuwa baharini, ikiteremsha bildi na, kila ilipopata nafasi, wavu wa kukokota uliofungwa kwa waya wa chuma, na kusi lilipovuma kwa nguvu ilirudi bandarini, na Alcock akapata miezi kadhaa ya kukaa na chupa zake mjini. Kwa hiyo yeye, tofauti na Miers, alimjua mnyama katika hali mbili, hai juu ya sitaha akidondoka matope, na maiti mezani, na anayesoma kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya kaa wa vilindini wa Investigator huona tofauti hiyo mara moja, kwa kuwa Alcock hutaja rangi.

Rangi ndiyo iliyopotea katika makumbusho yote ya dunia. Wekundu wa kaa wa kilindini, ambao huko chini haumtambulishi kwa yeyote, maana mwanga mwekundu wa jua hunywewa na maji karibu na juu, huyeyukia ndani ya spiriti, na baada ya muda kaa mwekundu na kaa wa manjano hukaa katika chupa mbili jirani wakiwa weupe sawasawa. Kilichobaki kwa mwanachuoni ni umbo, nalo umbo lilihitaji mchoraji. Picha za wanyama wa Investigator zilichorwa mjini Calcutta na wachoraji wa Kihindi, A. C. Chowdhary na S. C. Mondul, ambao majina yao yamechapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kazi yao, na atakaye kujua subira ni nini na azitazame: kila chembe ya gamba imewekwa mahali pake, kila unywele wa mguu, kila jino la ukingo, bila ya kutiwa chumvi wala kupunguzwa. Wanazuoni waliokuja baadaye walimsahihisha Alcock mara nyingi katika majina. Sijaona waliowasahihisha wachoraji hao.

Mwambao wetu wenyewe ulipata mgeni wa namna hiyo katika Machi 1899, pale merikebu ya Kijerumani Valdivia, iliyoondoka Hamburg katikati ya mwaka uliotangulia chini ya uongozi wa Carl Chun wa Leipzig, ilipotia nanga Dar es Salaam baada ya kupita Rasi ya Tumaini Jema, na barafu ya kusini, na Sumatra, na Shelisheli. Kutoka hapo ilipanda kufuata pwani ya Waswahili na ya Wasomali hata Aden, ikikokota wavu njiani. Kaa wake walikabidhiwa Franz Doflein, ambaye kitabu chake cha mwaka 1904, pamoja na kuwapa majina, kinaeleza kwa urefu jinsi macho ya kaa yanavyobadilika kilindini. Miaka thelathini na mitano baada ya Valdivia ikaja Mabahiss, merikebu ya serikali ya Misri iliyotoka Iskandaria Septemba 1933 na kurejea Mei 1934, kwa fedha za wasia wa Sir John Murray, mmoja wa watu wa Challenger. Kiongozi alikuwa Seymour Sewell, lakini mabaharia walikuwa Wamisri, na miongoni mwa wanazuoni alikuwamo Hussein Fawzi, tabibu na mwandishi, ambaye safari hiyo ilimtolea kitabu cha Kiarabu kiitwacho Sindibad Asri, kilichochapishwa mwaka 1938. Walifanya kazi katika maji ya Unguja na Mombasa, na kaskazini, karibu na pwani ya Arabuni, walikuta jambo ambalo Forbes angelifurahia: ukanda wa kilindi ambao maji yake yamekosa hewa, na wavu hupanda karibu mtupu. Matokeo ya safari yalichapishwa polepole kiasi cha kuchosha. Sehemu ya Galatheidae, wale wadogo walio baina ya kamba na kaa, ilikamilika mwaka 1966 kwa mkono wa Nasima Tirmizi wa Karachi, miaka thelathini na miwili baada ya wavu kupanda.

Sasa natuje kwenye mkorogano mkubwa kuliko yote, ambao uliihusu Bahari ya Hindi moja kwa moja. Mwaka 1837 Krøyer wa Denmark alimweleza kaa wa maji baridi mwenye meno matatu kila upande katika ukingo wa mbele wa gamba, akaweka jenasi Geryon. Mwaka 1879 Sidney Smith wa Marekani alimweleza mwingine, mkubwa na mwekundu, wa pwani ya New England, mwenye meno matano, akamwita Geryon quinquedens. Mwaka 1894 A. Milne-Edwards na Bouvier waliwachambua kaa waliokusanywa na Albert wa Kwanza, Mwana wa Mfalme wa Monaco, katika safari za jahazi lake la Hirondelle, wakampata wa tatu, Geryon affinis. Baada ya hapo kila kaa wa namna hii aliyetolewa popote, India, Japani, Namibia, au Afrika Kusini, alipimwa kwa majina hayo machache: mwenye meno matano aliandikwa quinquedens au affinis, kwa kadiri ya kitabu kilichokuwa karibu na mkono. Alama ya meno ilionekana ya kutegemewa, nayo ilikuwa ya kutegemewa kwa jambo moja tu, kutenga matatu na matano. Kwa mengine ilidanganya, maana kaa kijana ana meno marefu makali na kaa mzee ameyapoteza yakawa vifundo, hata mjukuu na babu wa jinsi moja huonekana mbali zaidi kuliko wazee wawili wa jinsi mbalimbali.

Kosa hilo lingeweza kukaa vitabuni bila ya kumdhuru mtu, lau si uvuvi. Katika miaka ya 1970 wavuvi wa Kijapani walianza kutega kaa wekundu kwa madema katika vilindi vya Namibia, na Wamarekani nao walikuwa wakiwavua wao upande wa pili wa Atlantiki. Na kwa kuwa vitabu viliwaita wote quinquedens, lilikuwa jambo la kawaida kukisia kwamba wote hukua kwa mwendo mmoja, huzaa kwa umri mmoja, na hustahimili kuvuliwa kwa kadiri moja. Raymond Manning wa Smithsonian, Washington, na Lipke Holthuis wa Leiden, walipokuwa wakiandika kitabu chao cha mwaka 1981 juu ya kaa wa Afrika Magharibi, walimtenga kaa wa Namibia wakamwita maritae. Mwaka 1984 walimtenga kaa wa dhahabu wa Florida, fenneri, kwa heshima ya Fenner Chace, aliyekuwa mkubwa wa fani hii pale Washington. Mwaka 1988 wakaja Afrika Kusini, na mwaka 1989 walitoa makala yaliyopindua nyumba nzima: jenasi mbili mpya na jinsi tisa mpya kwa mkupuo mmoja. Wenye meno matatu wakabaki Geryon. Wenye matano wakahamishiwa jenasi mpya, Chaceon, kwa heshima ya Chace yule yule, ambaye kwa hivyo kaa mmoja wa Florida, Chaceon fenneri, humtaja mara mbili. Waungwana hawa walikuwa na desturi ya kulipana majina: Macpherson wa Uhispania alimwita kaa wake wa mwaka 1983 chuni, kwa ajili ya Chun wa Valdivia, na miaka mitano baadaye Manning na Holthuis wakamwita kaa mwingine macphersoni.

Walikiona nini ambacho waliotangulia hawakukiona? Mojawapo ni ncha ya mguu. Mshike kaa mwekundu wa New England mguu wa kutembelea, utazame kiungo cha mwisho, kile kikanyagacho matope: kimebanwa kutoka juu, kwa hiyo upana wake umezidi kimo. Fanya vivyo hivyo kwa kaa wa dhahabu: kimebanwa kutoka ubavuni, na kimo kimezidi upana. Alama hiyo haiondoki kwa spiriti, na haikuhitaji chombo chochote isipokuwa vidole viwili vya mkono. Ilikuwako katika chupa za makumbusho kwa miaka mia, ikingoja mtu aache kuhesabu meno. Nyingine ni rangi, na hapa mvuvi alikuwa mbele ya mwanachuoni, kwa sababu mwekundu na wa manjano hawakuchanganyika kamwe juu ya sitaha. Walichanganyika katika chupa. Manning na Holthuis hawakuwa na macho makali kuwapita wote waliotangulia. Walichokuwa nacho ni wingi wa vielelezo, vilivyokuja na meli za uvuvi na za utafiti kwa mamia pale ambapo Alcock alikuwa na wachache, na kwa wingi huo ndipo iliwezekana kumlinganisha mzee na mzee na kijana na kijana.

Kwa upande wetu wa dunia hesabu ilifungwa upya haraka. Madagaska ilipata crosnieri, kwa jina la Alain Crosnier, Mfaransa aliyeshughulika na vilindi vya kisiwa hicho. Mwaka 1993 kaa wa India, ambaye alikuwa amebeba jina la Atlantiki kwa karibu miaka mia, alipewa na Ghosh na Manning jina la alcocki. Na mwaka huo huo Manning akamwandika wa Somalia, somaliensis. Manning alifariki mwaka 2000, na Holthuis, aliyekuwa amemzidi umri, mwaka 2008. Orodha ya Chaceon sasa imepindukia 30, na wanaolinganisha chembe za urithi wanaendelea kuipitia kwa njia yao.

Anayevuliwa kuliko wote karibu nasi ni macphersoni, wa kusini mwa Msumbiji na pwani ya KwaZulu-Natal, ambaye hupanda katika nyavu zinazokokotwa vilindini kwa ajili ya kamba. Yeye mwenyewe hakutafutwa, lakini akipatikana hauzwi kwa hasara. Sitahani huchambuliwa kwa ukubwa na kwa uzima wa miguu, haraka, kabla ya kutiwa barafu. Lau mtu mmoja katika kila chombo angeandika rangi ya gamba na ya chini ya tumbo akiwa bado na unyevu wa bahari, akakata mguu mmoja na kuutia mfukoni pamoja na kipimo cha kina, Calcutta na Leiden na Washington zingeepushwa nusu ya ugomvi wao, na gharama yake isingezidi penseli na kisu.